Kompyuta ya nyumbani ikijisasisha, nani anapanga saa?

Mtoto wa kidato cha tatu ana insha ya kuwasilisha kesho asubuhi. Kompyuta ya nyumbani ni moja, na intaneti inatoka kwenye simu ya mama. Nusu saa haijapita, bando limekwisha na insha haijafika hata ukurasa wa pili. Mama anauliza kwa ukali: "Ulikuwa unaangalia video?" Mtoto anaapa kwamba hakufungua chochote. Mama hamwamini.

Mzazi, kabla hujamwadhibu, fahamu kwamba huenda anasema kweli. Kompyuta yenyewe inaweza kulimaliza bando hilo. Ikipata tu intaneti, Windows huanza kupakua masasisho, yaani zile "apdeti", kimyakimya na bila kumuuliza aliyeketi mbele yake. Sasisho la kila mwezi linaweza kuwa la mamia ya megabaiti, na lile kubwa la mwaka hufika gigabaiti kadhaa. Mara nyingi kompyuta haitambui kwamba Wi-Fi iliyoipata inatoka kwenye simu yenye bando la kuungaunga. Inaichukulia kama ile ya ofisini isiyo na kikomo.

Haikuwa hivi siku zote. Kwenye Windows 7 mwenye kompyuta aliweza kuchagua: masasisho yaingie yenyewe, yapakuliwe lakini yasubiri ruhusa yake, au yasiguswe kabisa. Windows 10 ilipotoka Julai 29, 2015, uchaguzi huo uliondolewa kwenye toleo la Home, ambalo ndilo toleo la nyumbani.

Mwaka uliofuata mambo yalifika mbali zaidi. Kampuni ya Microsoft ilikuwa inawahimiza watu wa Windows 7 na 8.1 wahamie Windows 10 bure. Mnamo Mei 2016, aliyebonyeza alama ya X ili kulifunga tangazo hilo alihesabiwa kuwa amekubali, na kompyuta ikapangiwa saa ya kubadilishwa. X ambayo sote tumezoea kuwa ni "hapana" ikageuka kuwa "ndiyo". Malalamiko yalipozidi, kampuni ikairudishia maana yake. Huko California mwanamke mmoja mwenye biashara ya kupanga safari alikwenda mahakamani akisema kompyuta yake ya kazini iliharibika baada ya kuhamishwa hivyo. Microsoft ilikana kosa, lakini iliacha kukata rufaa na kumlipa dola 10,000.

Ukisikia hayo unaweza kusema basi, tuzime masasisho yote tupumzike. Wapo mafundi wa mitaani wanaofanya hivyo kwa kila kompyuta inayopita mikononi mwao, na mteja huondoka anafurahi. Hapo sikubaliani nao.

Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba tundu ndani ya Windows. Miezi miwili baadaye, Mei 12, kirusi kilichoitwa WannaCry kikaingia duniani kupitia tundu hilohilo. Kilifunga mafaili ya watu na kudai dola 300 ili yafunguliwe. Zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 zilipatwa. Uingereza ndiko kulikosikitisha zaidi, kwa sababu kiligonga hospitali za umma. Ilikadiriwa kwamba miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Dawa ilikuwepo tangu Machi. Waliopatwa ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimeinywa.

Kwa hiyo masasisho ya usalama yaingie. Lakini saa ya kuingia, na bando la kuyaleta, ni mambo ya familia kuamua. Ninachoilaumu kampuni ni kwamba ilitengeneza utaratibu wake kama vile kila nyumba ina intaneti isiyokwisha na umeme usiokatika. Baadaye ilirudisha sehemu ya uamuzi kwa mwenye kompyuta, ila vitufe vyake viko ndani ndani, na muuzaji dukani hakuonyeshi.

Kitufe chenye faida kubwa kwetu ni cha bando. Unganisha kompyuta na simu yako kama kawaida. Fungua Settings, ingia Network & internet, kisha Wi-Fi, halafu fungua sifa za mtandao wa simu yako. Humo kuna maneno Metered connection. Washa hapo. Umeiambia kompyuta kwamba intaneti hii inalipiwa kwa kipimo, nayo itaacha kupakua masasisho mengi mpaka ikutane na mtandao mwingine. Nasema mengi, si yote, maana machache ya lazima bado yanaweza kupita. Fanya hivyo kwa kila simu inayotumika nyumbani: ya baba, ya mama, ya shangazi aliyekuja likizo. Kompyuta hukumbuka kila mtandao peke yake.

Kisha fungua ukurasa wa Windows Update. Tangu 2019 hata toleo la Home linakuruhusu kusimamisha masasisho kwa muda, hadi wiki tano, kwa kitufe cha Pause. Wiki ya mitihani au ya kuandika ripoti, kisimamishe bila wasiwasi. Wiki tano zikiisha itabidi uyaingize kwanza ndipo uweze kusimamisha tena, na mimi naona hapo wametenda haki. Kwenye ukurasa huohuo kuna Active hours, yaani saa ambazo kompyuta inatumika. Ukiweka saa nane mchana hadi saa nne usiku, haitajizima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi ya mtoto. Angalia tu kwamba skrini huandika saa kwa mtindo wa Kizungu, hivyo saa nane mchana ni 2 PM na saa nne usiku ni 10 PM.

Umeme nao una lake. Sasisho likikatishwa njiani linaweza kuiacha kompyuta haiwaki, na nyingi za nyumbani betri zake zimechoka. Lichagulie muda ambao umeme umetulia, chomeka chaja, kisha mwache mashine afanye kazi yake. Mtoto aelezwe kwamba maneno ya kumwomba asizime yakionekana kwenye skrini, asishike kitufe cha kuzimia hata kama ni muda wa kulala.

Na mafaili yawe na nakala kwenye flashi. Oktoba 2018 sasisho moja kubwa la Windows 10 lilifuta nyaraka na picha za baadhi ya watu. Microsoft ililisitisha siku chache tu baada ya kulitoa, ikalirudisha Novemba likiwa limerekebishwa. Picha za harusi na vyeti vya watoto vilivyoskaniwa havifai kukaa mahali pamoja tu, sasisho liwepo au lisiwepo.

Sasa kuna tatizo la upande wa pili: kompyuta ambazo hazipati sasisho tena. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Waliojiandikisha waliongezewa masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Kompyuta nyingi za mitumba zinazouzwa kwetu ni za miaka ya nyuma, na zile zenye prosesa za kabla ya kama 2017 au 2018 kwa kawaida hazikubaliki kwenye Windows 11. Ni tulivu, hazisumbui, hazili bando. Mnunuzi anaweza kuuhesabu utulivu huo kuwa ubora, kumbe mashine imeachwa bila mlinzi, nayo ndiyo utakayofungulia akaunti ya benki.

Ukiwa bado dukani, shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, bonyeza Enter. Kitatokea kisanduku kidogo chenye toleo la Windows lililomo. Likiwa ni 10, muulize muuzaji kama mashine inakubali 11 kwa njia rasmi, na mwombe akuonyeshe kabla hujatoa hela.