Nyufa, majivu na kiwanja kilichofunikwa: kurudi nyumbani baada ya Nyiragongo

Kama ulikuwa Goma au Gisenyi jioni ya Jumamosi, Mei 22, 2021, hukuhitaji redio ikuambie. Anga juu ya Nyiragongo ilikuwa nyekundu, na barabara za kwenda mpakani zilijaa watu wenye magodoro, sufuria na watoto. Takriban watu 8,000 walivuka kuingia Rwanda usiku ule. Wengi walirudi kesho yake, baada ya lava kusimama pembezoni mwa Goma, upande wa Buhene. Watu zaidi ya 30 walipoteza maisha, na nyumba zaidi ya 3,000 ziliungua au zilifunikwa.

Kisha ardhi ikaanza kutikisika. Siku chache zilizofuata kulikuwa na mamia ya mitetemeko, mingine ya ukubwa wa zaidi ya 5, na safari hii Gisenyi haikuwa mtazamaji. Kuta zilianguka, barabara zilipasuka, na familia zilizokuwa zimepokea wageni kutoka Goma zikalala nje pamoja na wageni wao. Mei 27 wakaazi wa sehemu kubwa ya Goma waliamriwa kuondoka, na watu wapatao 400,000 walitakiwa kuhama. Wengi walielekea Sake, wengine wakavuka tena kuja Rubavu.

Kwa nini mitetemeko iliendelea wakati lava imekwisha simama? Kwa sababu si miamba yote ya moto iliyotoka juu. Sehemu yake ilijipenyeza chini ya ardhi, ikapita chini ya mji wa Goma hadi chini ya Ziwa Kivu, na kila iliposukuma njia ardhi ilipasuka. Ndiyo maana ufa mmoja unaweza kuanza kwenye lami, ukapita uani kwako na kuishia kwenye ukuta wa jirani.

Makala haya ni kwa ajili yako wewe uliyerudi, unayetaka kurudi, au uliyempokea mtu aliyekimbia.

Kabla hujaingia ndani

Usiingie na godoro kwanza. Zunguka nyumba kwa nje, taratibu, mchana. Angalia kama ukuta umeinama, kama paa limeshuka upande mmoja, kama mlango uliokuwa ukifunguka vizuri sasa umekaza. Mlango uliokaza bila mvua wala unyevu unakuambia kwamba nyumba imesogea.

Nyufa hazilingani. Ufa mwembamba kama unywele kwenye plasta ni jambo la kawaida. Ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha na kukata ukuta kwa mshazari, au ulio mpana kiasi cha kuingiza kidole, ni habari nyingine. Vivyo hivyo ufa kwenye msingi, au pale kuta mbili zinapokutana na sasa zinaachana. Nyumba ya namna hiyo usiilalie hata kama umechoka na mvua inanyesha. Lala kwa jirani.

Kama huna uhakika, fanya hivi: chora mstari wa penseli pale ufa unapoishia, andika tarehe, kisha bandika kipande cha karatasi juu ya ufa kwa gundi. Karatasi ikichanika au ufa ukivuka mstari, nyumba bado inatembea. Usipige plasta mpya juu yake. Plasta huficha ufa lakini haiuzibi, na wapo wenye nyumba waliopaka rangi kuta zilizopasuka na kuzipangisha kwa watu waliotoka mbali. Ukipangisha chumba baada ya mitetemeko, sogeza kabati uangalie nyuma yake. Huna haja ya kuona haya.

Hewa na maji

Watu wa Goma wana neno lao, mazuku, na wanasayansi wa nchi nyingine wamelichukua hivyohivyo. Ni hewa ya kaboni inayotoka ardhini na, kwa kuwa ni nzito, hukaa mabondeni, kwenye mashimo na vyumba vya chini. Haina rangi, na mara nyingi huwezi kuinusa. Asubuhi mapema kukiwa hakuna upepo ndipo huwa mbaya zaidi. Ukiona kuku au mbuzi amekufa shimoni bila jeraha, usishuke kumtoa, na usimruhusu mtoto. Mei 2021 kuna watu walionusurika lava yenyewe, kisha wakafa siku zilizofuata kwa kukata njia ya mkato juu yake, kwa sababu ya gesi iliyokuwa ikitoka. Lava hupoa juu kwanza. Ndani inaweza kubaki na moto kwa wiki na miezi, na ganda lake linaweza kukatika chini ya mguu.

Kuhusu maji, majivu na moshi wa volkano huingia kwenye mvua na mvua huingia kwenye pipa lako. Kama kuna majivu juu ya mabati, ondoa mfereji unaopeleka maji kwenye pipa, ufagie bati, na uache mvua ya kwanza ioshe paa. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, lakini hakuondoi floridi wala asidi. Mwaka 2021 lava iliharibu pia mabomba na tangi la maji la Goma, na mamia ya maelfu ya watu wakabaki kuchota ziwani. Maji ya ziwa lazima yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, hata yakionekana safi.

Kiwanja kiko wapi?

Hili ndilo linalowavunja watu moyo kuliko nyumba yenyewe. Nyumba iliyoungua unaijua ilipokuwa. Kiwanja kilichofunikwa na lava hakina ua, hakina mti, hakina jiwe la mpaka. Baada ya mlipuko wa Januari 17, 2002, lava ilipopita katikati ya Goma hadi ziwani, watu walirudi na kujenga juu ya mwamba mweusi, na ugomvi wa mipaka ukawa sehemu ya ujenzi.

Kwa hiyo usianze kuponda mawe kabla ya kukaa na majirani. Waiteni wote wa mtaa, pamoja na mkuu wa eneo, mpime kutoka kwenye kitu ambacho bado kipo: kona ya barabara, nguzo ya umeme, kanisa au msikiti. Andikeni, kila mtu atie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Piga picha ya karatasi hiyo kwa simu na umtumie ndugu aliye mbali. Kama ulikuwa mpangaji, jina lako pia liandikwe. Orodha za msaada mara nyingi huanza na mwenye nyumba, na mpangaji aliyepoteza kila kitu hukuta hesabu imefungwa.

Kwa upande wa Rwanda, anza kwa kiongozi wa mudugudu, halafu ofisi ya umurenge. Usijenge upya bila kibali. Hasa ukiwa karibu na mto Sebeya, ambao usiku wa kuamkia Mei 3, 2023 ulifurika na kubomoa nyumba nyingi za Rubavu. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 nchini. Wengi waliokuwa kandokando kabisa ya mto hawakuruhusiwa kurudi, na ingawa ni uchungu kuacha msingi wako, ukuta wa udongo uliokwisha lowa mara moja hauna nguvu ya kuhimili mara ya pili.

Mbao au tofali?

Goma imejaa nyumba za mbao, na si kwa sababu ya umaskini peke yake. Kuchimba msingi kwenye lava ni kazi ngumu, lakini mbao unasawazisha kokoto na kuisimamisha. Mtetemeko ukija, nyumba ya mbao hucheza bila kuanguka. Ubaya wake ni moto: jiko la makaa au mshumaa mmoja, na mstari mzima wa nyumba umekwisha. Ukijenga kwa mbao, acha nafasi kati yako na jirani, jiko likae nje, na ndoo ya mchanga iwe mlangoni.

Ukijenga kwa tofali au mawe ya volkano, pesa yako ya kwanza iende kwenye msingi na kwenye mkanda wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote juu ya milango na madirisha. Mafundi wengi huuita shenaji. Ndio unaozishika kuta zisiachane ardhi ikitikisika. Ukuta mfupi wenye mkanda ni bora kuliko ukuta mrefu usio nao. Madirisha yasikaribie kona, na ukuta wa ua wa mawe makavu usiupandishe juu, kwa sababu huo ndio huangukia watoto.

Umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi unaweza kukusaidia kuondoa kifusi na kubeba mawe. Lakini mwambie kiongozi wa mudugudu wiki mbili kabla ili akuweke kwenye mpango, na uwe na fundi mmoja anayejua anachokifanya. Watu hamsini wenye nguvu wanaweza kujenga ukuta uliopinda kwa asubuhi moja.

Jambo la mwisho ni la kufanya leo, kabla ya mlima kusema chochote. Katika vurugu za Mei 2021 watoto wengi walipotezana na wazazi wao. Andika jina la mtoto, la mzazi na namba ya simu kwenye kitambaa, ukishone ndani ya nguo yake. Hati za kiwanja, vitambulisho na kadi za chanjo ziwekwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki, karibu na mlango. Na mkubaliane nyumbani mtakutana wapi mkitengana: taja mahali pamoja upande wa Goma na pengine pamoja upande wa Gisenyi.