Mchezo wa mpwa wangu, na daftari la dawa za babu



Desemba iliyopita mpwa wangu alikuja likizo hapa Songea kutokea Dar. Vijana hawa wakija huwa nategemea walale mpaka saa nne na kulalamikia mtandao. Huyu alikuja na dadu. Si dadu hizi za ludo, hapana, dadu zenye nyuso 20! Jioni ya pili sebule yangu ya Bombambili ilikuwa na vijana watano wa mtaani, makaratasi, penseli na bakuli la karanga, wanabishana kama mwenzao mmoja anaweza kufungua mlango wenye komeo kwa maneno matupu. Nikauliza, "Kwani ufunguo hana?" Wakacheka sana. "Anko, huyu anatumia kitabu, na kitabu chake kimeangukia mtoni."

Hapo nikavuta kiti.

Kwa msioujua, mchezo unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitoka Marekani mwaka 1974, waliouandika ni Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimulia hadithi, wengine kila mtu anakuwa mhusika ndani yake, na dadu ndiyo inaamua kama ulichojaribu kimefanikiwa. Kuna wapiganaji, kuna wezi, na kuna wanaofanya mazingaombwe ya kweli kweli. Hao wa mwisho ndio walioninasa, maana sheria za mchezo zinauliza jambo ambalo sisi huwa hatuliulizi kwa sauti: huyu mtu aliyapata wapi haya mambo, na ameyaweka wapi?

Jina kwanza lilitusumbua. Kijana mmoja akasema tumwite mchawi. Nikakataa. Kwetu mchawi ni anayeroga watu, mganga ni anayewatibu, na mhusika huyu anaweza kufanya yote mawili kabla ya chakula cha mchana. Tukakubaliana tumwite mtu wa kitabu, yakaisha.

Sasa sikilizeni mtu wa kitabu anavyoishi. Kwa sheria za toleo la tano, la mwaka 2014, anaanza safari na maneno sita tu yameandikwa kwenye kitabu chake. Kila asubuhi anakaa, anasoma, anachagua atakayoyatumia siku hiyo. Asichokiandaa hana. Wazo la kwamba maneno yanaingia kichwani na kutoka walilichukua kwa mwandishi Jack Vance, aliyetoa kitabu chake The Dying Earth mwaka 1950. Katika matoleo ya kwanza ya mchezo, ukishatamka neno linafutika kichwani moja kwa moja mpaka ukalisome tena.

Akikuta kitabu cha mwenzake anaweza kunakili, ila si bure. Kwa kila daraja la neno ni saa mbili na vipande 50 vya dhahabu. Kwa nini ghali hivyo? Kwa sababu kila mtu wa kitabu anaandika kwa alama zake mwenyewe. Inabidi kwanza ufumbue mwandiko wa mwenzio, ujaribu, ukosee, ndipo uandike upya kwa namna unayoielewa wewe. Kunakili kitabu chako mwenyewe ni saa moja na vipande 10 tu, maana mwandiko wako unaujua. Na kitabu kikipotea? Yale uliyokuwa umeyaandaa asubuhi bado yako kichwani, unaweza kuyaandika tena. Mengine ndiyo basi, uanze kuyatafuta upya duniani. Ndiyo maana yule kijana alikuwa amenuna kabisa. Neno la kufungua milango hakuwa ameliandaa siku hiyo.

Wapo wengine wasiohangaika na vitabu. Kuna wa sala, ambaye nguvu anapewa na mungu anayemtumikia. Kuna aliyezaliwa nazo kwenye damu. Na kuna aliyeingia mkataba na kiumbe fulani mwenye nguvu, akapewa kwa masharti. Hawa watatu wanatamba haraka kuliko mtu wa kitabu, lakini mmoja wao akifa, mwenzake hawezi kufungua mkoba wake akajifunza alichokuwa anakijua.

Mpwa wangu alidhani ananifundisha kitu kigeni. Nikamwambia, wewe, hao wote tunao.

Chukua wa sala. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa Babu Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri. Kikombe kwa shilingi 500, foleni ya magari haioni mwisho. Mti ulijulikana, mugariga, na haukuwa siri kwamba mizizi inachemshwa. Lakini Babu alisema Mungu ndiye aliyemuonesha, na kikombe kinywewe palepale Samunge. Kwa hiyo ukiwa na mti, sufuria na maji bado hukuwa na dawa. Babu alifariki mwaka 2021, na kikombe kikaenda naye.

Wa kitabu wako pwani tangu zamani, na wanaitwa hivyo hivyo, waganga wa kitabu. Hawa wanasoma nyota na wana vitabu vya falaki kwa herufi za Kiarabu. Kombe linanivutia zaidi: aya zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa. Maandishi yanatumika mpaka yanaisha. Mpwa wangu aliruka aliposikia, kwa sababu kwenye mchezo kuna karatasi za namna hiyo, ukishaisoma mara moja herufi zinafifia na karatasi inakuwa vumbi.

Na wa mkataba? Hapa Songea hatuna haja ya kwenda mbali, tunapita kwenye makumbusho yao kila siku. Inasimuliwa kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, kule Umatumbi, alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akazama kwenye maji na kutoka kesho yake akiwa mkavu. Akagawa maji, yenye mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama, kwamba risasi za Wajerumani hazitaingia mwilini. Masharti yalikuwepo, mojawapo usipore mali. Habari zilisambazwa kwa kunong'onezana, Wamatumbi waliita njwiywila, na aliyetaka kusikiliza alilipa pesa moja. (Mpwa wangu hapo: "Anko, hata hiyo ilikuwa na bei!") Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Agosti 1905, lakini wajumbe walishatawanyika, na Omari Kinjala akayaleta maji huku Ungoni.

Hebu fikirini. Nduna Songea Mbano na wenzake walipokea dawa iliyopita vinywa vingi kutoka upande mwingine kabisa wa nchi. Hakukuwa na karatasi ya kusema imechanganywaje, nani aliijaribu, ikawaje. Ilijaribiwa hapa, mbele ya bunduki za rashasha. Tarehe 27 Februari 1906 wazee wetu zaidi ya 60 walinyongwa na kuzikwa kaburi moja, na kila mwaka tarehe hiyo tunakusanyika pale. Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa hapa akaomba msamaha. Wazee waliokumbuka vita hiyo walianza kuandikwa kwa wingi na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar mwaka 1968, yaani zaidi ya miaka 60 baadaye. Wangechelewa kidogo tu, tungebaki na maelezo ya Mjerumani peke yake.

Sasa nije kwenye langu, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa mitishamba, njia ya kwenda Peramiho. Hakupiga ramli, hakuwa na mapembe. Alikuwa na miti yake, na watu walikuja na vidonda vya miguu, matumbo, homa za watoto. Alifundishwa na baba yake kwa kutembea nyuma yake porini, basi. Alipoanza kudhoofika, mjomba akanunua daftari la shule na kukaa naye jioni, babu anasema, mjomba anaandika. Babu alifariki, mjomba naye akafariki, daftari likaja kwangu. Lilikaa juu ya kabati miaka 11.

Baada ya ule mchezo nikalishusha. Wadau, nilisikia vibaya. Kuna dawa 31 mle. Ya vidonda inasema hivi: mizizi ya ule mti wa kwenye kona, chemsha, ipoe, osha. Mti gani? Kona ipi? Mama anakumbuka ni kona ya mashine ya kusaga, na mti ulikatwa zamani. Nyingine inasema "kiasi cha kawaida". Nyingine ina majina ya Kingoni ambayo mama anayajua mawili matatu, mengine hata hajawahi kuyasikia. Mjomba hakuficha kitu, alikuwa anajiandikia mwenyewe. Aliyajua yote haya, hakuona haja ya kueleza kona. Mpwa wangu akaangalia akasema taratibu, "Hii ndiyo ile ya saa mbili na dhahabu 50."

Sisemi dawa za babu zilikuwa zinaponya. Labda nusu yake zilikuwa maji ya moto na maneno mazuri. Uchungu wangu ni kwamba hata kulijua hilo hatuwezi tena. Pale Muhimbili kipo kitengo cha utafiti wa dawa za asili tangu mwaka 1974 (mwaka uleule wa mchezo!), siku hizi ni taasisi kamili. Nikiwapelekea daftari hili nitawaambia wapime nini, kona?

Tumeanza kulinakili upya, mama anasimulia, kijana anaandika, na kila mti tunaoupata anaupiga picha na kuandika mahali ulipo. Tumepanda Matogoro mara mbili na mzee mmoja aliyekuwa akichimba mizizi na babu. Kati ya 31, tumekamilisha 4.

Mdau yeyote mwenye asili ya njia ya Peramiho, anayekumbuka mti mkubwa uliokuwa kwenye kona ya mashine ya kusaga, ukakatwa wakati wa kupanua barabara: ulikuwa mti gani?