Mgeni anayekimbia Mombasa asikimbie peke yake

Machi 24, 2007, Kisiwa cha Mombasa kilikuwa mwenyeji wa Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika, yaliyoandaliwa katika uwanja wa gofu unaotazamana na Bahari Hindi. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo, alijitoa kabla ya kufika utepeni. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyeibuka mshindi wa mbio hizo za kilomita 12. Wanariadha wengine kadhaa pia walishindwa kumaliza kutokana na joto na unyevu wa hewa.

Ikiwa bingwa wa dunia alilemewa, mgeni wa kawaida aliyetoka bara kuja kuwatembelea marafiki hana budi kujihadhari anapotaka kufanya mazoezi ya kukimbia kisiwani humo.

Mwili wa mkimbiaji hutoa joto jingi, na njia yake kuu ya kulipunguza ni jasho. Hata hivyo, jasho halipozi mwili kwa kutiririka, bali kwa kukauka juu ya ngozi. Hewa ya Mombasa hujaa mvuke wa bahari, hivyo jasho hudondoka chini kabla ya kukauka. Moyo nao hulazimika kugawa damu kati ya misuli inayofanya kazi na ngozi inayotafuta kupoa. Ndiyo sababu mtu anayekimbia kilomita 10 bila taabu mjini Eldoret, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, huweza kuchoka mapema Mombasa, ingawa hewa ya pwani ina oksijeni zaidi.

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwili hauna haraka kama hiyo. Huchukua muda wa wiki moja hadi mbili kuzoea joto: maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema zaidi na chumvi inayopotea hupungua. Anayekuja kwa siku tatu atakuwa amerejea kwao kabla ya kuzoea, na hivyo apunguze kasi na umbali.

Hapa ndipo umuhimu wa mwenza unapojitokeza. Joto la mwili linapopanda kupita kiasi, ubongo huathirika, na mhusika huenda asitambue kwamba yumo hatarini. Atasisitiza kuwa yu mzima huku akiyumba. Mwenzake ndiye atakayeona hatua zikipotea, maneno yakichanganyika au majibu yakikosa maana. Kwa hiyo, wawili hao wapatane kabla ya kuondoka kwamba mmoja akisema basi, wote wawili wasimame bila mjadala. Aidha, inafaa mwenyeji aliyezoea hewa ya kisiwa ndiye aongoze mwendo, lakini kwa kasi anayoiweza mgeni.

Wakati bora ni alfajiri inapopambazuka, kabla jua halijawa kali. Miezi ya kuanzia Juni hadi Agosti, pepo za kusi zinapovuma, huwa na nafuu kuliko Februari na Machi, ambapo joto la mchana hupita nyuzi 30 za Selsiasi.

Njia inayofaa ni ya kutoka Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia 1593, kuelekea bustani ya Mama Ngina penye mibuyu na upepo wa bahari. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, navyo hupitwa na waumini watokao msikitini, mikokoteni na pikipiki. Huko ni vyema kutembea, kuvaa mavazi ya heshima na kuwaamkia wazee walioketi barazani. Salamu pia ni kipimo kizuri njia nzima: mkimbiaji asiyeweza kuitoa na kujibu mwenzake kwa sentensi kamili bila kukatika pumzi amezidisha kasi.

Maji yanywewe kwa kadiri ya kiu. Kuyanywa kupita kiasi nako hupunguza chumvi katika damu na huweza kudhuru.

Mwenza akianza kuchanganyikiwa au kuanguka, apelekwe kivulini, avuliwe nguo za ziada, amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa, huku msaada wa kumfikisha hospitalini ukitafutwa. Kumpoza kuanze papo hapo, kusisubiri gari. Asiye na fahamu asinyweshwe kitu.

Bekele alijitoa mbele ya umati na maofisa wa mashindano. Mgeni anayekimbia alfajiri hana umati. Ana mwenzake tu.