Kimeng'enya kinapogoma: kusaka dawa ya magugu majini (2)

Wiki iliyopita tuliona kwa nini wakulima wa mpunga wanaipenda 2,4-D: inaua magugu ya majani mapana na kuuacha mpunga umesimama. Sasa jaruba likifunguliwa na maji yakarudi mferejini, tutajuaje kama yamebeba mabaki ya dawa?

Tuanze na kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa maikrogramu 30 kwa lita ya maji ya kunywa. Chukua dawa yenye gramu 720 za 2,4-D kwa lita. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kufikisha ukomo huo katika maboza 12 ya lita 10,000. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya maikrogramu 0.1 kwa kila kiuatilifu; huko kijiko hichohicho kingekataliwa hata kikigawanywa katika maboza 3,000. Mashine za kromatografia hupima viwango hivyo bila taabu, ila zinakaa maabara kubwa na zinataka umeme usiokatika.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia kichupa kinachowaka. Ndani yake mna doti za kaboni, chembe za nanomita chache ambazo zinaweza kutengenezwa kwa kupika asidi ya sitriki, ileile ya ndimu. Zimulike kwa urujuanimno, zitatoa mwanga wa buluu. Ukiongeza vipande vyembamba mno vya dioksidi ya manganizi, mwanga unazimika, kwa kuwa vinafyonza nishati yake. Kisha kinaingia kimeng'enya, fosfatasi alkali, na chakula chake: vitamini C iliyofungwa kwa fosfeti. Kimeng'enya kinakata kifungo hicho, vitamini C inapata uhuru, inavunjavunja vile vipande, na buluu inarudi. Maji yakiwa na 2,4-D, kimeng'enya kinazubaa; vitamini C haitoshi, na kichupa kinabaki kimefifia. Kamera ya simu inaweza kuisoma tofauti hiyo.

Kinachonitia shaka ni kwamba kimeng'enya hakimtaji aliyekizuia. Fosfeti huru nayo hukizuia, na jaruba lenyewe pengine limetoka kuwekwa DAP, mbolea ya fosfeti! Baadhi ya metali nzito hufanya vivyo hivyo. Maji ya kahawia yatokayo kwenye majani yaliyooza humeza urujuanimno kabla haujazifikia doti. Matokeo mazuri ya maji ya bomba, kwa hiyo, hayanishawishi sana.

Fosfeti ina dawa yake. Sampuli ikitiwa asidi na kutikiswa pamoja na ethili asetati, 2,4-D inahamia humo na fosfeti inabaki majini. Ethili asetati hukaushwa, masalia yakayeyushwa katika maji safi, ndipo kichupa kitumike. Hapo jibu linaaminika zaidi, ingawa kipimo cha kando ya mfereji kimeshasafiri nusu ya njia kurudi maabara. Kwangu mimi kinafaa kwa mchujo wa kwanza: sampuli kumi zikipimwa, mbili zinazotia shaka ndizo zipelekwe kwenye mashine.

Wiki ijayo: glifoseti, ambayo hunaswa bila kimeng'enya, kwa sababu hushikana na shaba.