Swichi, Soketi na Vihisi: Namna ya Kutambua Kilicho Imara

Kadiri umeme unavyozidi kufika vijijini kwa miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, ndivyo swali la vifaa vya kuutumia linavyozidi kuwa la watu wengi. Mwenye nyumba au duka katika kata ya Kalemela, wilayani Busega, mkoani Simiyu, akienda kununua soketi hukuta siku hizi aina tatu: ya bei nafuu isiyo na jina, ya bei kubwa yenye jina, na ile iitwayo janja, inayopokea amri kutoka katika simu. Neno hilo “janja” limechaguliwa kwa bahati mbaya, au pengine kwa bahati njema, maana kwa Kiswahili mjanja huweza kuwa mwerevu na huweza kuwa laghai. Hapana budi kifaa kichunguzwe kabla ya kupewa sifa.

Uchunguzi uanzie ndani. Katika kila swichi na kila soketi, iwe ya kawaida au janja, mna vipande vya metali vinavyogusana ili kupitisha mkondo. Vikigusana vizuri, ukinzani kati yao huwa mdogo mno. Springi ikilegea, au kutu ikiingia, ukinzani huongezeka. Tuchukue birika la wati 2,000 katika volti 230, ambazo ndizo volti za majumbani nchini Tanzania. Mkondo wake ni ampea 8.7. Ikiwa mguso una ukinzani wa omu 0.1 tu, joto linalozalishwa hapo, yaani mkondo kwa kipeo cha pili mara ukinzani, ni wati 7.6 hivi. Kwa balbu hizo ni wati chache. Lakini zikikusanyika mahali padogo kama punje ya hindi, ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, metali hubabuka, springi hulegea zaidi, ukinzani hupanda, na joto nalo hupanda. Soketi nyingi zinazoonekana zimeungua upande mmoja zimeungua kwa njia hii, wala si kwa “umeme kuwa mkubwa” kama isemwavyo.

Upo uchunguzi ambao darasa lolote lenye sumaku laweza kuufanya. Pini za plagi na vishikio vya soketi nzuri hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba na zinki, ambao hauvutwi na sumaku. Chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu huvutwa mara moja. (Skrubu zisihesabiwe, kwani hizo mara nyingi ni za chuma.) Kadhalika zitazamwe pini zenyewe. Plagi ya pini tatu bapa inafuata kiwango cha Uingereza kilichotolewa mwaka 1947: pini mbili fupi huvikwa plastiki nusu ya urefu wake, lakini pini ndefu ya ardhi huachwa tupu, ili metali yake iguse metali. Plagi ambayo pini yake ya ardhi nayo imevikwa plastiki ni ya kuigiza, na aliyeitengeneza hakuelewa alichokuwa akiigiza.

Pini hiyo ndefu ndiyo inayosukuma vifuniko vya matundu mawili ya chini. Desturi ya kuchomeka kalamu katika tundu la juu ili chaja ya pini mbili ipate kuingia huvishinda vifuniko hivyo, na pini za mviringo hugusa sehemu ndogo tu ya vishikio bapa. Hapo tunarudi kwenye zile wati 7.6.

Jambo la pili ni cheche. Mwaka 1884 mhandisi John Henry Holmes wa Newcastle, Uingereza, alibuni swichi ambayo springi yake huachanisha metali kwa ghafla, ili cheche isipate muda wa kuendelea. Mlio wa “tak” unaosikika katika swichi nzuri ni urithi wa wazo lile. Katika umeme wa mkondo geu wa hezi 50, mkondo hufika sifuri mara 100 kwa sekunde, na hilo husaidia cheche kuzimika. Mkondo mnyofu wa paneli za jua hauna msaada huo. Kwa sababu hiyo swichi iliyoandikwa kwa ajili ya mkondo geu peke yake isitumiwe kukata paneli zilizounganishwa mfululizo.

Katika soketi janja kazi ya kidole hufanywa na rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku-umeme. Maandishi ya “16 A” juu yake kwa kawaida huhusu mzigo wa ukinzani, kama birika au pasi. Mota ya jokofu au pampu, inapoanza kuzunguka, huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa kawaida, na metali za rilei dhaifu huweza kuungana kwa joto. Simu itasema “imezimwa” huku pampu ikiendelea kusukuma maji.

Swichi janja ya ukutani nayo mara nyingi huhitaji waya wa nyutro, ambao katika nyumba nyingi haufiki kwenye swichi bali huishia kwenye taa. Fundi aulizwe kabla ya kununua.

Kisha liulizwe swali ambalo wauzaji hawalipendi: umeme ukikatika na kurudi, kifaa hufanya nini? Soketi ya jokofu la duka lazima irudi kuwaka yenyewe, la sivyo samaki wataoza usiku mwenye duka akiwa amelala. Soketi ya pasi lazima ibaki imezima. Na mtandao ukitoweka je? Kifaa kinachotegemea seva ya ng’ambo hufa seva inapokufa: mwaka 2016 mitambo ya Revolv ilizimwa na kuwa bure mikononi mwa wanunuzi, na mwaka 2022 seva za Insteon zilizimika bila taarifa. Kilicho bora ni chenye kitufe cha mkono, na kinachopokea amri ndani ya nyumba hata intaneti ikiwa haipo.

Kihisi cha mwendo hakioni mtu kama jicho lionavyo. Hupokea mnururisho wa infraredi na kujibu joto linapohama kutoka sehemu moja ya uwanja wake kwenda nyingine. Mchana wa kiangazi, ukuta unapokaribia joto la ngozi ya mtu, kihisi kizuri huweza kumkosa apitaye. Si lazima kiwe kibovu. Kifungwe mahali ambapo mtu hukatiza mbele yake badala ya kukijia moja kwa moja.

Alama ya Shirika la Viwango Tanzania itafutwe, ingawa nayo huigizwa. Baada ya kununua, soketi ipewe mzigo wa birika au pasi kwa nusu saa, uzimwe, plagi ichomolewe, na uso wa soketi uguswe kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu si ajabu. Ikiwa mkono hauvumilii, irudishwe dukani siku hiyohiyo pamoja na risiti.