Leo Umewahi, Mwanangu

Siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku zote, saa moja asubuhi nilimkuta mama mmoja wa Kibuyuni akiteremka pwani na furushi la kamba kichwani. Tukaamkiana, shikamoo, marahaba, nikaendelea na mbio zangu kuelekea upande wa Shimoni. Baada ya siku tatu nikapita pale pale, saa ile ile, kwa saa yangu ya mkononi hata dakika haikuzidi. Mara hii alikuwa bado ameketi uani, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Akanitazama, akacheka. "Leo umewahi, mwanangu."

Nilitaka kumbishia, maana kushika saa ndiko kulikonipa kiburi kwa miaka. Lakini kwa hesabu yake alikuwa sahihi. Maji hayapwi saa ile ile kila siku. Huchelewa kwa wastani wa dakika 50, hivi kwamba siku ya bamvua bahari ya huku hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, na siku tatu baadaye shamba la mwani halifikiki mpaka karibu na adhuhuri. Mama yule yuko kwenye ratiba kali kuliko yangu. Akikosa bamvua, mwani unamsubiri hadi bamvua ijayo, wiki mbili. Ila ratiba yake ameifunga kwenye kitu kinachosogea, naye husogea nacho. Yangu nilikuwa nimeifunga ukutani.

Hapo ndipo penye shida ya mkimbiaji anayesafiri. Watu wengi huona kwamba mazoezi hukatika ugenini kwa sababu ya uvivu, au chakula cha hoteli, au shughuli nyingi. Hayo yamo. Lakini mara nyingi ratiba hufa kwa kuwa ilikuwa imefungwa kwenye vitu visivyopanda ndege: mwanga wa nyumbani, joto la nyumbani, ardhi ya nyumbani, na majirani wanaojua kwamba huyu anayekimbia hafukuzwi na mtu.

Tuanze na mwanga. Kibuyuni, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani kusini kabisa mwa Kwale, kipo chini kidogo tu ya mstari wa Ikweta. Mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote hupishana kwa kama nusu saa. Ndiyo maana hesabu ya saa ya Kiswahili, inayoanzia jua linapochomoza, inatufaa bila marekebisho: saa moja asubuhi kuna mwanga, saa moja usiku kuna giza, Januari hadi Disemba. Ipeleke hesabu hiyo London uone inavyochekesha. Katikati ya Disemba jua huchomoza saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi. Mwezi wa Juni huzama saa tatu na dakika ishirini usiku. Usiku, na jua linawaka! Mtu aliyejiapiza kwamba yeye hukimbia "saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kazi" atajikuta Disemba anakimbia gizani kwenye barafu, na siku ya tatu atabaki kitandani. Siyo kosa la nia yake. Aliposema saa kumi na mbili alimaanisha kukipambazuka, ila nyumbani hakuwahi kulazimika kutofautisha.

Kuna na saa iliyo ndani ya mwili, nayo haibadiliki kwa kuzungusha mishale. Mfanyabiashara wa Mombasa anayekwenda Guangzhou kuchukua mzigo anaruka saa tano mbele. Mwili hujirekebisha kwa kadiri ya saa moja kwa siku, na kwenda mashariki ni kugumu zaidi, kwa sababu saa ya mwili kwa kawaida ni ndefu kidogo kuliko saa 24. Kuirefusha ni rahisi, kuifupisha ni kazi. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba mwanga wenyewe una mwelekeo. Ukiupata mwanga mkali kabla ya ile saa ya usiku ambapo mwili umepoa kabisa, kama saa kumi au saa kumi na moja alfajiri kwa saa ya nyumbani, unairudisha saa ya mwili nyuma. Ukiupata baada yake, unaisukuma mbele. Sasa piga hesabu: saa kumi na moja alfajiri ya Mombasa ni saa nne asubuhi Guangzhou. Yule mwenye bidii anayetoka kukimbia kukipambazuka siku ya kwanza anausukuma mwili wake upande usiotakiwa. Angengoja saa tano asubuhi, miguu ingenufaika na usingizi ungenufaika. Kwa anayekwenda magharibi, London au New York, mbio za jioni ndizo zinazosaidia.

Lakini mwanga ni jambo dogo mbele ya joto. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pwani yetu ndiyo iliyotoa somo kubwa la joto katika historia ya mbio, na halikutolewa kwa watu dhaifu. Tarehe 24 Machi 2007 Mombasa iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari. Machi ni mwisho wa kaskazi, joto limejaa na upepo umechoka. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ameshinda mbio ndefu za mashindano hayo miaka mitano mfululizo, aliingia mzunguko wa mwisho akiwa mbele. Kisha Zersenay Tadese wa Eritrea akampita, na Bekele akatoka nje ya njia bila kumaliza. Mtu asiyeshindwa katika nyika kwa miaka mitano, akakatwa na hewa ile ile tunayoivuta sisi tukienda sokoni.

Utaratibu wake si wa kimiujiza. Mkimbiaji ana damu ya kiasi maalumu, na inagombewa. Misuli inaitaka ilete oksijeni, ngozi inaitaka itoe joto nje. Jasho lingesaidia, lakini jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka, na penye unyevu mwingi halikauki, linadondoka tu. Moyo hulazimika kupiga haraka zaidi kwa mwendo ule ule. Mwendo uliokuwa mwepesi kule nyanda za juu, huku ni wa kuhema. Doha walilielewa hilo mwaka 2019, wakaianzisha marathoni ya wanawake ya mashindano ya dunia usiku wa manane wa tarehe 27 Septemba. Hata hivyo joto lilikuwa nyuzi 32 na unyevu zaidi ya asilimia 70. Walianza wanawake 68, wakamaliza 40. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa saa 2:32:43, ilhali Januari ya mwaka huo huo alikuwa amekimbia Dubai kwa saa 2:17:08. Robo saa nzima ilimezwa na hewa. Mshindi alikuwa yule aliyekubali imezwe.

Kwa hiyo anayetoka Eldoret au Oslo akashukia Diani kwa likizo, asiitazame saa yake kwa siku kumi za kwanza. Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na hupungua chumvi. Wiki ya kwanza akimbie kwa pumzi, kiasi cha kuweza kuongea, na mwendo uwe wowote utakaokuwa. Nasi tunaokwenda Ghuba tusijidanganye kwamba joto tunalijua. La kwetu lina upepo wa bahari na lina mwisho. Juni 2018, mji wa Quriyat kwenye pwani ya Oman ulipitisha usiku na mchana bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6. Sheria ya Oman huzuia kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana, Juni hadi Agosti. Serikali ikiona fundi anayelipwa asifanye kazi, wewe unayekimbia bure unamfuata nani?

Mtu wa pwani akienda kwenye baridi hupatwa na kinyume chake, na hakuna anayemuonya kwa sababu ni kutamu. Siku yangu ya kwanza London nilihisi nimepewa mapafu mapya. Sikutoka jasho, moyo haukulalamika, nikakimbia mbali na haraka kuliko nilivyowahi kukimbia Kwale. Siku ya nne muundi uliuma hadi nikashuka ngazi kwa kinyumenyume. Pumzi ilikuwa imepata nafuu, mifupa haikupata. Huku nimezoea njia za vumbi, na mchanga ulioshindiliwa maji yanapopwa, ambao ni tambarare na una huruma. Kule ni zege na lami mwanzo mwisho. Anayekuja huku naye ana mtego wake. Maji yakijaa hubaki ukanda mwembamba wa mchanga ulioinama, mguu mmoja juu na mwingine chini, na goti huanza kulalamika. Asubiri maji yapwe, au apite barabarani.

Je, ni kiasi gani hasa cha mazoezi kinachotakiwa kulindwa safarini? Swali hili lina jibu zuri, tena la zamani. Katika miaka ya 1980, Robert Hickson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago waliwafanyisha watu mazoezi makali kwa wiki 10, dakika 40 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kisha wakawapunguzia kwa wiki 15 zilizofuata, kila jaribio kwa namna yake. Waliopunguziwa siku, kutoka 6 hadi 4 au hata 2, uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni haukushuka. Waliopunguziwa dakika, kutoka 40 hadi 26 au 13, nao haukushuka, ingawa wale wa dakika 13 walipoteza kiasi fulani cha ustahimilivu wa mwendo mrefu. Walioshuka ni waliopunguziwa ukali.

Mimi nikilisoma hilo naona msafiri ameondolewa mzigo wa mawe kichwani. Anayeng'ang'ania kilomita zake 50 kwa wiki akiwa Istanbul, kisha akazikosa, huona yameharibika yote na huacha kabisa. Kumbe mara mbili au tatu kwa wiki, dakika 20, kati yake chache za kukata maneno mdomoni, zinamfikisha nyumbani karibu kama alivyoondoka. Na ukali hapa ni ule unaouhisi mwili, siyo ule unaoonyeshwa na saa. Penye joto, mwendo wa kobe unaweza kuwa mkali wa kutosha.

Hili lina maana zaidi kwa wale ambao safari si likizo. Kwale ina vijana wengi waliokwenda Ghuba kuwa walinzi, madereva na wafanyakazi wa nyumbani, na muda wao hauko mikononi mwao. Kumwambia dada anayelala saa sita usiku kwenye nyumba ya mwajiri atafute bustani ni dhihaka. Ngazi za jengo anazo, na dakika 13 pengine anazo. Wengine kinachowazuia ni mtaa wenyewe. Februari 2020, huko Georgia nchini Marekani, Ahmaud Arbery, kijana mweusi wa miaka 25, alifukuzwa kwa magari na wazungu watatu alipokuwa akikimbia, akapigwa risasi akafa. Mgeni mweusi anayeuliza wenyeji wapi pa kukimbilia na saa ngapi, kabla ya kufunga kamba za raba, siyo mwoga.

Niliporudi kutoka London ilikuwa Februari, kaskazi imeiva. Wiki nne za baridi zilikuwa zimeufuta uzoefu wangu wa joto, kwa hiyo nikatoka kama mgeni: kimbia kidogo, tembea kidogo, fulana imelowa kabla ya kufika kwenye mikoko. Mama yule alikuwa anateremka na furushi lake.

"Ulipotea. Ulikwenda wapi?"

Nikamwambia Uingereza.

"Siku nyingi?"

Nikaanza kuhesabu tarehe kwa vidole. Yeye alikuwa ameshapata jibu. "Bamvua mbili," akasema. Mwani alioupanda wiki niliyoondoka ulihitaji moja zaidi ndipo uvunwe.

Nikamuuliza kama leo nimewahi au nimechelewa. Akayatazama maji.

"Leo sawa. Lakini mbona watembea?"