Kwa Nini Mahindi Hujikunja Jua Likiwa Kali

Wasikilizaji wetu, mvua ikikatika mahindi yangali machanga, twaona ifikapo saa sita majani yake yamejikunja kama mkeka. Wengine hukata tamaa, wakayang'oa na kuwapa ng'ombe. Twawasihi wangoje kwanza.

Jani ni jiko la mmea. Ndani yake chembe za kijani hutwaa nguvu ya jua, zikafanya chakula kwa maji na hewa ya ukaa iingiayo kwa matundu madogo mno, yasiyoonekana kwa macho. Wakati wa ukame mmea huyafunga matundu hayo, maji yasipotee. Lakini hapo huzuka hatari nyingine, ambayo watu wengi hawaijui: hewa haiingii tena ya kutosha, na jua halipungui. Ni kama moto uwakao chini ya chungu kikavu. Nguvu ile iliyozidi yaweza kuliharibu jiko lenyewe.

Basi jani hujikinga. Kwa kujikunja hupunguza upana upigwao na jua. (Sisi tulipokuwa watoto tulidhani limekwisha kufa.) Tena zimo ndani yake rangi za manjano zisaidiazo kuigeuza nguvu iliyozidi kuwa joto, likatoka bila madhara.

Nendeni shambani alfajiri. Majani yakiwa yamekunjuka, jiko lingali zima. Yakiwa bado yamejikunja, mmea umo taabuni kweli, hasa ukiwa unatoa mbelewele na ndevu, maana kiu ya siku hizo hupunguza punje.